Zumari ya Urambo

Jina la Mirambo likitajwa Tabora, kinachofuata huwa ni habari za vita. Kambi ya jeshi ya mjini hapo inaitwa kwa jina lake. Henry Morton Stanley, aliyemwandika kwanza kama jambazi kisha akageuka kumsifu, alimfananisha na Napoleon, na tangu hapo wengi wamemsimulia kwa mapigano yake: vijiji alivyovichoma, rugaruga aliowaongoza, watemi aliowaangusha. Sura hiyo si ya uongo, ila haikukamilika. Mwaka 1871 Mirambo alikuwa mtemi wa nchi ndogo magharibi ya Tabora, mtu ambaye Unguja haikuwa na sababu ya kumjua. Miaka mitano baadaye salamu zake zilikuwa zinamfikia balozi wa Uingereza huko Unguja, John Kirk. Mwaka 1879 daktari wa Kimisionari alihamia kwake, na mwaka 1882 Tippu Tip, tajiri mkubwa wa pembe katika bara lote, alipofika Tabora aliona heri kupatana naye. Bunduki peke yake hazielezi mabadiliko hayo, kwa kuwa bunduki na baruti zilitoka pwani, na waliokaa kwenye mlango wa pwani walikuwa maadui zake. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi kubwa ya Mirambo ilikuwa siasa ya nje. Alitambua kuwa nguvu ya mtemi wa Unyamwezi haikuwa katika kuimiliki njia ya misafara, bali katika kuwafanya wote walioitegemea wakubali kwamba bila yeye hawapiti. Na pale alipofanikiwa ndipo pia alipokosea, kwa sababu makubaliano aliyoyapata yalikuwa ya mtu na mtu, hayakuwa ya dola na dola.

Ili kuona alichokiona, inafaa kuitazama njia yenyewe. Misafara ilianzia Bagamoyo na bandari jirani, ikapanda Usagara, ikapumzika Mpwapwa, ikavuka Ugogo kwa kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtemi, ikapita nyika kavu ya Mgunda Mkali na kuingia Unyamwezi. Safari hiyo iliweza kula miezi mitatu. Wanyamwezi wenyewe ndio waliokuwa wakipeleka pembe pwani tangu mwanzo wa karne ya 19, na upagazi ulikuwa kazi ya heshima kwa vijana wao, ambao walirudi na vitambaa, ushanga na majembe ya kuolea. Waarabu na Waswahili waliifuata njia ambayo tayari ilikuwa imekanyagwa. Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, katika eneo la Tabora ya sasa, Novemba 1857, walikuta wafanyabiashara wa pwani wameshajenga matembe, wamepanda bustani na wanaishi kwa starehe. Tabora ilikuwa na thamani kwa sababu ya njia panda: mashariki pwani, magharibi Ujiji na ng'ambo ya ziwa Tanganyika hadi Manyema, kaskazini Karagwe na Buganda, kusini Ukonongo na Ufipa. Pembe za pande zote zilikusanywa hapo kabla ya kushuka Bagamoyo, na vitambaa vya merikani na kaniki viligawanywa hapo kabla ya kusambaa. Aliyekaa Tabora aliweza kununua nafuu na kuuza ghali. Lakini Tabora haikuwa na ulinzi wowote nje ya vijiji vyake. Kila njia iliyotoka hapo ilipita katika nchi ya mtemi fulani.

Watemi wa Unyanyembe, nchi ambayo Tabora imo ndani yake, walijifunza mapema kwamba ujirani na wageni una gharama. Mtemi Fundikira alipatana nao, hata akamwoza binti yake kwa Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip. Alipokufa, karibu na mwaka 1858, alifuatwa na Mnywa Sere, ambaye alitaka wafanyabiashara walipe ushuru kama wageni wengine wowote. Kwa mtemi hilo lilikuwa jambo la haki. Kwa wenye pembe lilikuwa uasi. Wakamtoa, wakamweka Mkasiwa aliyekuwa tayari kuwaachia mambo yao. Mnywa Sere aliingia porini, akavamia misafara kwa miaka kadhaa, na Speke alipopita mwaka 1861 alijaribu kuwapatanisha asifanikiwe. Mwaka 1865 Mnywa Sere alikamatwa na kuuawa. Alikuwa na haki, alikuwa na ushujaa, na alikuwa na watu. Asichokuwa nacho ni rafiki yeyote nje ya Unyamwezi ambaye Waarabu wa Tabora wangeogopa kumuudhi. Kijana wa Uyowa, Mtyela Kasanda, ambaye ndiye Mirambo, aliyaona hayo yote akiwa anaanza utawala wake jirani tu. Kila hatua ya siasa yake baadaye inasomeka kama jibu la kosa la Mnywa Sere.

Alianza kwa vita, kama watemi wenzake. Aliunganisha Uyowa ya baba yake na Ulyankulu, akakusanya vijana wasio na mizizi, watoro, mateka na wapagazi wa zamani, akawafunza kupigana kwa mtindo uliotokana na Wangoni walioingia kutoka kusini. Hao ndio rugaruga. Kufikia mwaka 1871 nchi yake ilikuwa imekaa juu ya njia ya Ujiji, na mgogoro na Tabora ukawa hauepukiki. Chanzo chake kina pande mbili: Waarabu walilalamika kwamba amezuia msafara, akatwaa baruti, bunduki na vitambaa, kisha akaukatalia njia; yeye aliwalaumu kwa kumdharau na kuwaunga mkono wapinzani wake. Tabora yenyewe haikuwa na kauli moja. Liwali Said bin Salim alikuwa mtu wa tahadhari, Khamis bin Abdallah alitaka vita, na walioshinda ni wa Khamis. Agosti 1871 jeshi la Waarabu, likiwa na Stanley aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, lilishambulia vijiji vya Mirambo. Sehemu yake ikanaswa na kuangamizwa pamoja na kiongozi wake, Soud bin Sayd. Siku chache baadaye, tarehe 22 Agosti, Mirambo aliingia Tabora kwenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah akauawa. Stanley alitoka Unyanyembe Septemba kwa kuzunguka mbali kusini ili afike Ujiji.

Baada ya ushindi huo angeweza kuimaliza Tabora. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo siasa inapoanza kuonekana. Alirudi kwake akaziba njia. Misafara ya Ujiji ilikwama au ikazunguka. Livingstone, aliyesubiri Kwihara karibu na Tabora kuanzia Februari hadi Agosti 1872, alishuhudia vita visivyoishia popote. Huko Unguja mambo yalikuwa mabaya kwa sababu nyingine. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Juni 1873 Sultani Barghash alilazimika kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Karafuu zimeanguka, watumwa wamezuiwa. Pembe ikawa nguzo ya hazina, na pembe ilikuwa imekwama nyuma ya Urambo, nchi ya Mirambo. Barghash alituma askari wa Kibulushi hadi Unyanyembe. Walikula vyakula vya wenyeji, wakagombana na Waarabu wa Tabora, na hawakumwangusha Mirambo. Verney Lovett Cameron alipofika Unyanyembe Agosti 1873 vita vilikuwa bado. Kufikia mwaka 1875 kila upande ulikuwa umechoka, na amani ikapatikana bila Mirambo kuacha chochote alichokuwa anakidai. Waswahili wana usemi wa zamani kwamba zumari ikipigwa Unguja, watu hucheza hadi Maziwa Makuu. Kwa miaka minne mtemi wa Urambo aliipiga zumari bara, na waliocheza ni wa Forodhani.

Wapo wasemao kwamba hiyo ilikuwa bahati tu ya kijiografia. Lakini jiografia ilikuwa ya wengi: Wagogo walikaa juu ya njia ileile kwa miaka mingi zaidi, na hongo yao ilikuwa kubwa, lakini hakuna mtemi wa Ugogo aliyegeuza hongo kuwa sauti ya kusikilizwa ng'ambo. Mirambo alielewa kwamba kuziba njia kunaleta mazungumzo, na mazungumzo yasipokuwa na jambo la kumpa mwenzio hayafiki mbali. Mwaka 1876 ulikuwa wa kazi hiyo. Aprili, Stanley alikuwa anarudi kusini kutoka Buganda na Karagwe. Alitarajia kukutana na zimwi. Huko Serombo alikuta mtu wa sauti ya chini, mwenye adabu, na aliyemkaribisha kwa udugu wa kuchanjiana. Waliufanya. Kwa Stanley ilikuwa hadithi nzuri ya kuuza katika magazeti ya London na New York yaliyomtuma. Kwa Mirambo ilikuwa njia ya kumfikia msomaji ambaye Waarabu wa Tabora hawakuwa na uwezo wa kumzuia asisome. Wakati huohuo mfanyabiashara wa Kiswisi, Philippe Broyon, alikuwa ameshaingia katika urafiki wake na kuoa katika nyumba yake, akashuka pwani na pembe pamoja na wajumbe wa Mirambo. Wajumbe hao walimwendea pia Kirk, si sultani pekee, na hilo linaonyesha jinsi alivyosoma mambo ya Unguja. Alijua kwamba katika kisiwa kile neno la sultani lina nguvu, lakini neno la balozi wa Uingereza lina nguvu zaidi.

Ujumbe aliompelekea kila mmoja ulimfaa aliyeupokea. Kwa Waingereza alisema kwamba nchi yake iko wazi kwa biashara ya halali na kwa wamisionari, mambo mawili ambayo Kirk alikuwa anayatafuta tangu mkataba wa 1873. Kwa sultani alipeleka salamu za urafiki bila kukubali kuwa mtumishi wake. Kirk alivutiwa. Aliona katika Urambo uwezekano wa dola ya Kiafrika inayoweza kuweka njia salama bila kutegemea matajiri wa Tabora, watu ambao biashara yao ilikuwa imechanganyika na utumwa. Chama cha Wamisionari cha London, kilichokuwa kinajenga vituo vya ziwa Tanganyika, kilipata mlango hapo. Mwaka 1878 mchungaji J. B. Thomson alipita kwa Mirambo akielekea Ujiji, na mwaka 1879 dakta Ebenezer Southon alihamia Urambo na kukaa hadi kifo chake mwaka 1882. Mirambo hakuwahi kubatizwa, wala hakuonyesha nia hiyo. Alimtumia Southon kama tabibu wake, kama mwandishi wa barua zake kwa Kirk, na kama shahidi wa Kizungu ambaye angeweza kusema kuwa Urambo si nchi ya wanyang'anyi. Barua za Southon ni sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu ikulu ya Mirambo huko Iselamagazi, na si kwa bahati kwamba zinamzungumzia vizuri. Kuwapo kwa Southon pale kulikuwa ni siasa ya mwenyeji wake.

Siasa hiyo haikuelekea pwani peke yake. Upande wa kaskazini Mirambo alipelekeana wajumbe na kabaka Mutesa wa Buganda, kwa sababu njia ya Buganda kupitia kwake ingewakata Waarabu wa Tabora kutoka soko lao la pili. Kaskazini-magharibi alishikana na Wangoni wa Mpangalala, jirani hatari ambaye ilikuwa afadhali kuwa naye kuliko kupigana naye. Upande wa magharibi, mwaka 1879 alielekea Uvinza, penye chumvi inayouzwa nchi nzima na penye vivuko vya mto Malagarasi ambavyo kila msafara wa Ujiji lazima uvitumie. Hata adui wa jana aligeuzwa: Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja lakini mwenye nyumba ya baba Tabora, alifika mwaka 1882 akiwa na pembe nyingi kutoka Kongo. Katika maisha yake, aliyoyasimulia kwa Kiswahili, anaeleza jinsi yeye na Mirambo walivyopatana na kupeana zawadi, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anaweza kumharibia. Mwaka huohuo Hermann Wissmann, Mjerumani aliyekuwa anavuka bara kutoka magharibi, alipokewa Urambo vizuri na kumsifu mwenyeji wake. Ukizipanga safari hizi zote kwenye ramani, utaona kwamba katika miaka saba mtemi mmoja alikuwa amezungumza na kila nguvu iliyokuwa na maslahi kati ya Bahari ya Hindi na mto Kongo.

Pingamizi la kwanza na zito ni kwamba hii haikuwa siasa ya nje bali unyang'anyi uliopambwa kwa adabu. Rugaruga waliishi kwa nyara. Watu wa Uvinza, wa Ukonongo na wa vijiji vya mipakani hawakuona mwanadiplomasia. Waliona moshi, na mateka wao waliuzwa kwa walewale wafanyabiashara ambao mtemi alidai kupambana nao. Hilo halikanushiki, na yeyote anayemwandika Mirambo bila hao mateka anaandika nusu ya habari. Lakini pingamizi hilo likichukuliwa mpaka mwisho linathibitisha zaidi ya linavyotaka. Barghash alipata hazina yake kutokana na utumwa na pembe, na Uingereza yenyewe iliingiza ushawishi wake Unguja kwa kutishia kuziba bandari kwa manowari, kama ilivyofanya mwaka 1873 hadi sultani akatia saini. Hakuna hata mmoja wao anayeondolewa katika historia ya diplomasia kwa sababu mkono wake ulishika silaha. Tofauti kati ya mnyang'anyi na mtawala ni kwamba mnyang'anyi hana haja ya msafara wa kesho. Mirambo alikuwa nayo. Alidai hongo kwa utaratibu, kama ilivyokuwa desturi ya njia nzima, na baada ya amani ya 1875 misafara ilipita tena katika nchi yake, maana pembe iliyokwama haikumletea baruti.

Pingamizi la pili linahusu ushahidi. Karibu kila tunachokijua kimetoka kwa Wazungu waliokuwa na sababu ya kumfanya Mirambo zimwi au shujaa, kulingana na kilichouzika. Stanley ni mfano bora: jambazi katika kitabu cha kwanza, bwana mstaarabu katika cha pili. Je, hatujengi nyumba juu ya mchanga? Hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, simulizi la Tippu Tip, ambalo halikuandikwa kwa ajili ya wasomaji wa London, linakubaliana na picha ya mtu anayepima maneno na kutumia wajumbe kabla ya bunduki. Pili, mabadiliko ya Stanley yenyewe ni ushahidi. Kilichobadilika kati ya 1871 na 1876 si Urambo tu. Mwenye Urambo alikuwa amejifunza namna ya kumpokea mgeni mwenye kalamu. Waandishi wa baada ya uhuru, akiwamo J. B. Kabeya aliyeandika juu yake kwa Kiswahili katika miaka ya 1960, walikuwa na sababu zao za kutaka shujaa wa taifa, na ni haki kuwasoma kwa tahadhari ileile. Lakini hawakubuni ziara, barua wala amani. Hayo yalikuwapo kabla ya yeyote kuhitaji shujaa.

Mwaka 1880 ndio ulioonyesha udhaifu wa jengo hili. Mwezi wa Juni watu wa Mirambo walikuwa wanashambulia Mpimbwe, kusini-magharibi. Ndani ya boma lile walikuwamo Waingereza wawili, Frederick Carter na Tom Cadenhead, waliokuwa katika utumishi wa chama cha Kiafrika cha mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wote wawili waliuawa. Southon aliandika kumtetea mwenyeji wake, akisisitiza kwamba mtemi hakuwa amekusudia kuwaua Wazungu. Huenda hoja hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikusaidia. Kirk alivunjika moyo, na miaka minne ya kujenga imani ikaporomoka kwa alasiri moja ya vita. Jambo la kujiuliza ni kwa nini iliporomoka haraka hivyo. Dola zenye mikataba hugombana juu ya raia waliouawa, hulipana fidia, huendelea. Urambo haikuwa na mkataba na Uingereza. Ilikuwa na maoni mazuri ya Kirk kuhusu mtu mmoja, na maoni hubadilika. Barghash naye hakuwahi kukubali kwamba Urambo ni dola sawa na yake. Kwake Mirambo alibaki mtu wa bara aliyepaswa kupatanishwa au kuadhibiwa, kulingana na hali.

Hapa linakuja pingamizi la tatu, ambalo linageuza shauri zima: kama siasa hii ilikuwa kubwa kiasi hicho, mbona haikuacha chochote? Mirambo alikufa kwa ugonjwa tarehe 2 Desemba 1884. Ndugu yake Mpandoshalo alirithi kiti, na katika miaka michache watemi waliowekwa chini ya Urambo walikuwa wamejitoa mmoja mmoja. Mtetezi wa Mirambo anaweza kusema kwamba hakuna ambaye angeweza kusimama. Mkutano wa Berlin ulikuwa umefunguliwa tarehe 15 Novemba, chini ya wiki tatu kabla ya kifo chake, na siku zilezile Mjerumani Carl Peters alikuwa Usagara na nchi jirani, kwenye njia ileile ya misafara, akikusanya alama za watemi kwenye karatasi. Wissmann, mgeni wa 1882, alirudi mwaka 1889 akiwa kamishna wa Kijerumani mwenye jeshi. Mwaka 1890 Tabora iliikubali bendera ya Ujerumani, na Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyejaribu kushindana, alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake Januari 1893. Ikiwa Isike alikufa hivyo, mtetezi atauliza, Mirambo angefanya nini zaidi?

Jibu linapatikana kwa kulinganisha. Nyungu ya Mawe, aliyejenga dola ya Ukimbu kusini ya Tabora, alikufa Desemba ileile ya 1884. Jina lake halikuvuma Ulaya kama la Urambo, lakini aliweka maofisa wake mwenyewe, watwale, juu ya watemi aliowashinda. Binti yake Mgalula aliirithi dola hiyo na kuishika mpaka Wajerumani walipofika. Mirambo alifanya kinyume: alipomshinda mtemi aliweka mtu wa ukoo uleule aliye rafiki yake, na urafiki huo ulikuwa naye. Ng'ambo pia ilikuwa hivyo. Kuchanjiana ni kifungo kikubwa, lakini hufunga miili miwili; Mpandoshalo hakurithi damu ya Stanley, wala barua za Southon, wala hofu ya Tabora. Buganda inaonyesha upande wa pili. Mwaka 1900 Uingereza ilitia saini Mkataba wa Buganda wakati kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto mdogo. Apolo Kagwa na wakuu wenzake waliweza kubishana juu ya ardhi na mamlaka kwa sababu Buganda ilikuwa na baraza na vyeo ambavyo havikufa na mfalme. Mkataba huo ulikuwa wa kikoloni na uliumiza wengi, lakini ulizungumzwa na dola. Urambo ya 1884 haikuwa na mtu wa kukaa mezani ambaye wageni wangemtambua.

Kwa hiyo kumpima Mirambo kwa mapigano tu kunamwonea, na kumsifu bila kuuliza kilichobaki kunatupumbaza. Alichokifanya kati ya 1871 na 1882 ni adimu katika historia ya bara hili la karne ya 19: mtemi asiye na bandari, asiye na meli, na asiyesoma wala kuandika, aliweza kuligeuza pigo la Waarabu kuwa mazungumzo na sultani, mazungumzo na sultani kuwa barua kwa balozi, na barua kuwa nafasi ya heshima kati ya nguvu zote za njia ya kati. Hiyo ni diplomasia, na inastahili kufundishwa shuleni kwa jina hilo. Lakini mafanikio ya siasa ya nje hupimwa kwa kile ambacho mrithi anaweza kukitumia. Siasa ya Mirambo ilikimbia mbele ya dola yake; marafiki wa nje walipatikana kabla ya maofisa wa ndani, na heshima ya mtemi ilitangulia mamlaka ya nchi. Nchi yoyote inayoinuka leo na kusifiwa kwa ziara za kiongozi wake, kwa wageni inaowapokea na kwa nafasi yake kwenye njia za biashara za dunia, ina la kujifunza Urambo. Swali la kuiuliza ni nani atakayepokea simu ya nchi hiyo siku kiongozi huyo atakapokuwa hayupo, na kama walio upande wa pili watamjua.